Kutafuta Ukoo Maktabani: Jina, Njia na Mwaka katika Familia za Katanga

Swali la asili ya mtu, yaani «wewe ni wa wapi na ni wa nani», limekuwa swali la sheria katika Kongo tangu Katiba ya Luluabourg ya mwaka 1964. Katiba hiyo ilimtambua kuwa Mkongomani kila mtu ambaye mmoja wa wahenga wake alikuwa wa kabila, au wa sehemu ya kabila, lililokaa katika ardhi ya Kongo kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Sheria ya tarehe 5 Januari 1972 iliweka tarehe nyingine kwa watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokaa Kivu: kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ilirudi nyuma zaidi, hadi tarehe 1 Agosti 1885. Ile ya tarehe 12 Novemba 2004 inataja makabila ambayo watu wake na ardhi yao vilikuwa sehemu ya nchi wakati wa uhuru, mwaka 1960. Kwa hiyo katika muda wa miaka arobaini familia moja iliweza kuulizwa juu ya wahenga wake kwa tarehe nne zilizo mbalimbali.

Makala haya hayakusudii kuzijadili sheria hizo; wanasheria wamekwisha kuifanya kazi hiyo, na kwa ukali unaostahili. Tunakusudia kuuliza jambo dogo zaidi. Mtu wa Lubumbashi, wa Likasi au wa Kolwezi anayetaka kuujua ukoo wake, akiingia katika maktaba iliyo wazi kwa watu wote, mahali ambapo haombwi barua ya waziri wala ya askofu, atapata nini humo? Jibu letu ni kwamba ni nadra sana kulipata jina la nkambo wake. Atapata njia aliyoipita nkambo huyo, na mwaka ambao njia hiyo ilifunguliwa. Kwa njia na mwaka ataweza kuyapima masimulizi ya nyumbani, na hiyo ni kazi ambayo jina peke yake haliwezi kumfanyia.

Tuanze na tarehe ya mwaka 1885, kwa kuwa ndiyo ngumu kuliko zote. Tarehe 1 Agosti ya mwaka huo Mfalme Léopold II alizitangazia serikali za Ulaya mipaka ya Dola Huru ya Kongo. Lakini katika Katanga dola hiyo haikuwa na askari wala karani. Msiri alikuwa akitawala Bunkeya. Mmisionari Frederick Stanley Arnot alifika huko mwezi Februari 1886, na kituo cha kwanza cha dola katika Katanga, kile cha Lofoi, kilianzishwa mwaka 1891, mwaka ule ule ambao Msiri aliuawa, tarehe 20 Desemba, na watu wa msafara wa Stairs. Maana yake ni kwamba sheria ya mwaka 1981 iliwadai watu wa Katanga mhenga wa siku ambayo hapakuwa na mtu yeyote wa serikali wa kumwandika. Msomaji akitaka kuujua mwaka 1885 atawasoma wasafiri na wamisionari, nao waliandika majina ya wafalme, ya wapinzani wa wafalme, na ya wapagazi wachache waliotoroka na mizigo.

Ndiyo sababu ukoo wa kifalme una rafu yake na ukoo wa mkulima hauna. Bayeke ni mfano ulio wazi. Msiri mwenyewe alitoka Usumbwa, upande wa magharibi wa Unyamwezi, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Alikuja Katanga kwa biashara ya shaba na pembe za ndovu, akabaki kuwa mfalme. Historia ya ukoo wake ilisimuliwa, ikaandikwa na kuchapishwa na wajukuu wenyewe: mwaka 1967 CEPSI ilitoa hapa Lubumbashi kitabu cha Antoine Mwenda Munongo kiitwacho Pages d'histoire yeke. Mjukuu wa Msiri anayeingia maktabani anakuta kazi imefanywa. Mjukuu wa Msanga aliyelipa kodi kwa Msiri hana kitabu cha namna hiyo, ijapokuwa wahenga wake ndio waliokuwapo katika ardhi ile kabla ya mfalme. Tukumbuke jambo hilo kila tunaposikia kwamba karatasi huthibitisha nani alitangulia. Karatasi huthibitisha nani alikuwa na mtu wa kumwandikia.

Wenye ukoo kutoka Maniema wana kitabu kingine, nacho kiko katika lugha yetu. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903, miaka michache kabla ya mwenyewe kufariki Unguja mwaka 1905. Whiteley aliyafasiri kwa Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, na François Bontinck akayatoa kwa Kifaransa, pamoja na maelezo mengi yenye manufaa, mwaka 1974. Wanafunzi wetu hukisoma kitabu hiki kwa ajili ya vita na pembe. Sisi tungependa wakisome pia kama kitabu cha ukoo, kwa maana kinasimulia waziwazi namna ukoo unavyotengenezwa.

Kisa ni hiki. Katika miaka ya mwanzo ya 1870 Tippu Tip alisikia habari za Kasongo Rushie, mtawala mzee wa Utetela, ambaye dada zake wawili walitekwa zamani na Warua na hawakurudi. Alipofika huko alisema kwamba nyanya yake alikuwa mmojawapo wa wanawake hao, na kwamba yeye amekuja kwa watu wa damu yake. Mzee alikubali, akampa utawala wa nchi pamoja na haki ya pembe zote. Cameron alipokutana naye mwaka 1874, Tippu Tip alikuwa amekwisha kuwa bwana wa sehemu hizo. Wanahistoria wengi wanaiona habari ile ya nyanya kuwa hila, nasi hatuna sababu ya kuwapinga: mamaye Tippu Tip alikuwa binti wa Mwarabu wa Kiwardi. Hata hivyo hila ilifaulu kwa sababu ilijaza nafasi iliyokuwa tupu kweli. Wanawake walikuwa wametekwa, na kwa yule mzee kurudi kwa mtoto wa mtoto wao hakukuwa jambo lisilowezekana. Ni familia ngapi za Maniema na za pwani zilizo na nafasi tupu ya namna ile ile, bila mtu wa kuijaza kwa kweli wala kwa uongo?

Kutokana na kisa hicho wengine hukimbilia kusema kwamba nasaba ya mdomo ni uongo na kwamba nasaba ya karatasi ndiyo kweli. Hatukubaliani nao. Jan Vansina, aliyeanza kazi yake kwa Wakuba na kuchapisha De la tradition orale mwaka 1961, alionyesha kwa muda mrefu jinsi masimulizi yanavyoweza kuchunguzwa kama ushahidi mwingine wowote, mradi tujue yalisimuliwa na nani, mbele ya nani, na kwa faida gani. Mfano wa Wativ wa Nijeria, uliochunguzwa na Bohannan, unajulikana: maofisa wa Kiingereza waliandika nasaba zao ili zitumike mahakamani, na miaka mingi baadaye Wativ wenyewe walizikana, wakisema ziliandikwa vibaya. Nasaba ilikuwa imeendelea kutembea pamoja na mapatano ya watu, na ile ya karatasi ilikuwa imesimama. Nani alikuwa amekosea? Ofisa alidhani nasaba ni orodha ya waliokufa. Wativ walijua kwamba ni mapatano ya walio hai.

Tukifika katika karne ya ishirini, kwa familia zilizo nyingi zaidi katika miji yetu, yaani zile zilizoletwa na kazi ya migodi, maktaba inaanza kuwa tajiri. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 iliundwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kuandika wafanyakazi, na mwaka huo huo mji wa Élisabethville ulianzishwa. Vitabu na majarida juu ya kampuni, juu ya reli na juu ya kazi ni vingi, na msomaji wa kawaida huvipita kwa sababu havitaji watu wake. Ni hasara. Ndani yake mna kalenda.

Kalenda iliyo bora kuliko zote ni ile ya reli. Reli ya kutoka kusini ilifika Sakania mwaka 1909, Élisabethville mwaka 1910, Kambove mwaka 1913, na Bukama, kwenye mto Lualaba, mwaka 1918. Kutoka hapo mashua za mvuke ziliteremka kuelekea Kabalo na Kongolo. Upande wa mashariki, reli ya kutoka Kabalo ilifika Albertville, yaani Kalemie ya leo, mwaka 1915. Mwaka 1928 reli ya BCK iliiunganisha Bukama na Port-Francqui, ambayo sasa ni Ilebo, na hivyo Kasai ikafungamana na Katanga. Mwaka 1931 njia ya Dilolo iliungana na ile ya Benguela hadi bahari ya Atlantiki. Kamina na Kabalo ziliunganishwa mwaka 1956 tu. Mtu akiwa na miaka hii mfukoni, aende akamsikilize shangazi yake.

Tuchukue mfano tulioutunga kwa ajili ya maelezo, lakini ambao wasomaji wengi watautambua. Familia moja husema: nkambo alipanda treni kutoka Kasai akiwa kijana, kabla ya vita ya Tabora, akaja kufanya kazi kwa Changachanga, yaani Union Minière. Vita ya Tabora inajulikana: jeshi la Force Publique, chini ya jenerali Tombeur, liliingia mji huo tarehe 19 Septemba 1916. Lakini kabla ya mwaka 1928 hapakuwa na treni kutoka Kasai. Msomaji asiye na subira atasema kwamba wazee wamesahau au wanadanganya. Msomaji mwenye subira atauliza swali la pili: je, safari hii ni ya mtu mmoja? Mara nyingi jibu ni kwamba watu wawili wameunganishwa kuwa mmoja. Baba alikuja kwa miguu kupitia Lomami, pamoja na waandikaji wa wafanyakazi, kabla au baada kidogo ya vita; mtoto wake, au mdogo wake, alikuja kwa treni baada ya mwaka 1928. Kumbukumbu ya nyumbani imetunza miguu ya mmoja na treni ya mwingine chini ya jina moja. Pengine majina yao yalikuwa mamoja kweli, kwa kuwa mtoto hupewa jina la nkambo wake. Maktaba haikumtaja hata mmoja wao. Imeturudishia watu wawili mahali pa mmoja.

Njia nyingine zina miaka yake vilevile. Watu wa Ruanda-Urundi waliandikwa kwa ajili ya migodi ya Katanga kuanzia mwaka 1925. Familia inayosema ililetwa kutoka huko na kampuni mwaka 1912 inapaswa kuulizwa upya, kwa upole. Watu kutoka Rhodesia ya Kaskazini walikuja mapema zaidi, wengi wao kwa mkono wa kampuni ya Robert Williams, na kwa hiyo familia kadhaa za Lubumbashi zina karatasi zao upande wa Zambia, kwa Kiingereza, bila wenyewe kujua. Mwaka 1928 Union Minière ilianza kuwapa watu mikataba ya miaka mitatu na kuwataka waje na wake zao. Kisha ikafika taabu ya uchumi iliyoanza mwaka 1929, na wafanyakazi wengi sana wakarudishwa vijijini. Aliyekuja mara ya kwanza kabla ya taabu hiyo aliweza kuja tena baada yake, na hapo familia inakuwa na «kufika» kuwili, kila tawi likishika kwake na kubishana na lingine miaka sitini baadaye juu ya nani ni mkubwa.

Ubishi wa nani alifika lini haukubaki daima ndani ya nyumba. Mwaka 1992 na 1993, wakati jimbo lilipoitwa bado Shaba, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa mamia ya maelfu. Wengi walikaa kwa miezi katika vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi wakingoja treni za kuwapeleka «kwao», nao walikuwa wamezaliwa hapa, na baadhi yao wazazi wao pia. Reli waliyoingojea ilikuwa ile ile ya mwaka 1928, iliyotandazwa ili iwalete. Kuna waliokufa wakingoja. Mtafiti wa historia ya jamaa katika Katanga anafanya kazi yake mbele ya jambo hilo, apende asipende, na anayemhoji mzee juu ya asili yake ajue kwamba mzee huyo ana sababu nzuri ya kujiuliza majibu yatapelekwa wapi.

Sasa juu ya majina, na hapa tutoe onyo la kiutendaji. Mtu anayetafuta kijiji au mji katika orodha ya vitabu ya maktaba lazima ajue majina yote ambayo mahali hapo pamepewa. Élisabethville ilikuwa Lubumbashi mwaka 1966, na mwaka huo huo Jadotville ilikuwa Likasi, Albertville ikawa Kalemie, Stanleyville ikawa Kisangani. Costermansville ilikuwa imekwisha kuwa Bukavu kabla ya uhuru. Katanga iliitwa Shaba kuanzia mwaka 1971 hadi mwaka 1997, na tangu mwaka 2015 imegawanywa katika majimbo manne. Nchi yenyewe ina rafu za Dola Huru, za Kongo ya Wabelgiji, za Zaire na za Jamhuri ya Kidemokrasia. Mkutubi mmoja akipanga vitabu kwa jina la zamani na mwingine kwa jina jipya, ukoo mzima hupotea kati ya herufi mbili za alfabeti.

Majina ya watu yalipata taabu iliyo kubwa zaidi. Mtoto alipewa jina na nkambo wake, akapewa jingine katika ubatizo, na karani wa kambi akaliandika la kwanza kama alivyolisikia, Mfaransa au Mfalandri kwa masikio yake. Mwaka 1972, kwa siasa ya uhalisi, majina ya Kikristo yaliondolewa, na watu wengi wakajitafutia jina la pili au la tatu katika ukoo, mara nyingine la mjomba, mara nyingine la shujaa wa kijiji. Kwa hiyo Joseph wa daftari la ubatizo, Kabongo wa kitabu cha kazi na mtu mwenye majina matatu katika kitambulisho cha mwaka 1975 waweza kuwa mtu mmoja, na pia waweza kuwa ndugu wawili. Linalowaunganisha si jina. Ni jina la chifu na la kijiji, ambayo makarani walipenda kuyaandika kwa sababu kodi ilifuata chifu.

Kuna watu ambao majina yao yaliharibiwa kwa makusudi. Watoto wa mama wa Kiafrika na baba wa Kizungu, katika Kongo na katika Ruanda-Urundi, walichukuliwa kutoka kwa mama zao na kuwekwa katika misioni kama ile ya Katende, Kasai, na ile ya Save, Rwanda. Wengine walipelekwa Ubelgiji, na baadhi yao walibadilishiwa majina. Mwaka 2018 Bunge la Ubelgiji lilipitisha azimio juu yao, na tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi kwa niaba ya serikali. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Brussels iliihukumu dola ya Ubelgiji kwa kosa la jinai dhidi ya ubinadamu katika shauri la wanawake watano waliochukuliwa namna hiyo, wote wakiwa wadogo chini ya miaka saba. Karatasi za serikali ya kikoloni, zilizokuwa kwa muda mrefu katika Wizara ya Mambo ya Nje, zimekuwa zikihamishiwa katika Hifadhi ya Taifa huko Brussels, na watu hao, ambao sasa ni wazee, huzitafuta ndani yake mama zao. Ni mfano wa nadra ambapo jina limo kweli katika karatasi. Limo kwa sababu aliyewatenganisha alihitaji kuandika alichokifanya.

Turudi kwa wafanyakazi. Mafaili ya watu wa Union Minière, na ya Gécamines iliyoirithi baada ya kutaifishwa mwaka 1967, hayamo katika maktaba ya umma. Ni karatasi za kampuni. Lakini matunda yake yamo. Donatien Dibwe dia Mwembu, wa chuo kikuu chetu, amechapisha vitabu juu ya maisha ya wafanyakazi hao na juu ya mamlaka ya baba katika familia zao, na mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000, ulikusanya masimulizi na vitu vya nyumbani kutoka kwa wakaaji wenyewe. Magazeti pia yamo, pale panya na mvua walipoyaacha: L'Essor du Congo la walowezi, lililoanza mwaka 1928, Ngonga la miaka ya 1934 na 1935, lililochapisha barua za Waafrika wenyewe, na Mwana Shaba, gazeti la kampuni lililoanza mwaka 1957, ambalo lilileta habari za kambi na za wafanyakazi wake. Katika hili la mwisho tunashauri kutazama picha kwanza, kisha maneno. Kampuni ilichagua maneno. Mtu aliyesimama pembeni mwa picha hakuchaguliwa na yeyote.

Na kuna Vocabulaire ya mji wa Élisabethville. Iliandikwa mwaka 1965 na André Yav, kwa ajili ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, katika Kiswahili cha Katanga jinsi kinavyosemwa. Mwaka 1990 Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri, akisaidiwa na Kalundi Mango na Walter Schicho. Walimu wa Kiswahili sanifu hawakuipenda tahajia yake. Basi, na wasiipende. Ni historia ya mji iliyosimuliwa na watu waliopika, waliofua na waliosimama nyuma ya kiti wakati wa chakula, na ndani yake mabwana wanatajwa kwa majina ambayo watumishi waliwapa. Kwa mtafiti wa ukoo majina hayo ya kupanga ni funguo. Wazee wetu hawakusema «mwaka fulani», walisema «wakati wa Bwana fulani». Pale Bwana huyo anapotambulikana, mwaka unapatikana.

Limebaki jambo la wanawake, na tungependa wanafunzi walishike kabla halijatuponyoka. Wabemba, Walamba, Waaushi na majirani zao wengi wa kusini mwa Katanga huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa mjomba. Kambi ya migodi iliwahesabu watu kwa baba: mfanyakazi alikuwa na namba, na mke na watoto walifuata namba hiyo ili wapate posho. Katika karatasi za namna hiyo mwanamke ni mgao wa unga, na mtoto ni sehemu ya mgao. Kwa ukoo uliohesabu kwa baba, karatasi hizo ziliuacha uzi mahali pake, ijapokuwa mwembamba. Kwa ukoo uliohesabu kwa mama, uzi ulikatwa katika kizazi kimoja, bila mtu yeyote kukusudia kuukata, kwa sababu karani alikuwa na safu moja tu ya jina.

Kwa hiyo jina la mama wa mama halimo Brussels wala katika mafaili ya kampuni, na hakuna mkutubi atakayelipata. Limo vinywani mwa wanawake wenye miaka themanini na zaidi katika Kenya, katika Katuba na katika kambi za Kipushi, ambao hawakuhojiwa kwa sababu wahojaji waliwatafuta waume zao, waliofanya kazi. Mwanafunzi akienda kwao aulize kwanza nani alimzaa nani, upande wa kike, hadi pale bibi anaponyamaza. Halafu aulize walikuja kwa treni ipi, wakashuka kituo gani, na posho ya kwanza ilikuwa unga wa nini. Majibu hayo ndiyo aje nayo maktabani.